Nimepigwa CT yenye dawa, siku ya tatu natoka vipele. Mliopitia mlifanyaje?

MamaDoto_Igoma

Habarini wanajukwaa. Naandika saa nane usiku kwa sababu kuwashwa kumeninyima usingizi, na watoto ndiyo kwanza wamelala.

Jumanne nilipigwa CT ya tumbo hapa Mwanza, yaani ile mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili. Altrasaundi ilionyesha kivuli kwenye ini, daktari akataka kipimo kikubwa zaidi, tena kile cha kuchomwa dawa mshipani. Hospitali sitaitaja. Nikavaa gauni lao, nikawekewa kanula, kile kibomba chembamba cha kupitishia dawa mshipani, mkono wa kushoto, nikalala kwenye kile kitanda kinachoingia ndani ya duara. Kijana akaniambia, "Mama, utasikia joto kidogo," akatoka na kufunga mlango.

Ndugu zangu, lile joto halikuwa kidogo. Lilianzia kooni, likashuka kifuani, likafika chini ya kitovu, nikawa na uhakika kabisa nimejikojolea. Mdomoni nikasikia ladha ya chuma kama niliyeng'ata msumari. Nililala pale nawaza nitainukaje mbele ya yule kijana. Nilipoinuka nikapapasa gauni, kavu. Sikumwambia mtu. Niliondoka na aibu yangu hadi Igoma, na mpaka leo sijui kama ni mimi tu au wote hupatwa.

Hilo liliisha palepale. Kilichonileta hapa ni kwamba jana Alhamisi jioni nilianza kuwashwa mgongoni, na sasa hivi vipele vyekundu vimejaa kifuani, mgongoni hadi mapajani. Halafu wakati natoka, mtu mmoja pale koridoni aliniambia nisinyonyeshe siku mbili. Nina mapacha wa miezi minane. Kulwa anakubali uji, lakini Doto hataki kikombe wala chupa, analia mpaka sauti inakauka. Maziwa yalijaa yakauma, nikawa nakamua namwaga. Siku mbili zimeisha, ila kwa hivi vipele naogopa kumpa ziwa.

Jirani anasema ninywe maziwa ya ng'ombe yaondoe sumu. Mama mkwe anasema nisiwabebe watoto mpaka mionzi initoke mwilini. Dada yangu anasema ni yule sato niliyekula Jumatano, kwamba hiyo dawa na samaki haviendani. Kila mtu ana lake, na mimi nimechoka. Mliopitia naombeni mnisaidie.

Kivuko_Kamanga

Pole sana dada. Kabla ya mengine yote nijibu haya upesi. Unapumua vizuri? Midomo, ulimi au macho yamevimba? Sauti imebadilika? Unasikia kizunguzungu kama unataka kuanguka? Una homa, vidonda mdomoni, au ngozi inayochubuka? Kama hata moja ni ndiyo, weka simu chini, mwamshe baba Doto mwende hospitali usiku huu huu. Usisubiri kukuche.

MamaDoto_Igoma

Asante kaka. Napumua vizuri, sijavimba usoni, homa sina. Ni vipele na kuwashwa tu.

Kivuko_Kamanga

Basi angalau usiku uko salama. Usijikune kwa kucha, oga maji ya baridi, vaa kitu chepesi cha pamba. Kukicha nenda ukaonwe. Kuna mtaalamu wa mionzi humu jukwaani, nitamwita.

Mionzi_KandaZiwa

Nimeitwa, nimekuja. Dada, mimi ndiye yule kijana anayefunga mlango. Si yuleyule wa kwako, ila kazi yangu ni hiyo, napiga CT kila siku. Kwa hiyo naanza na samahani: mgonjwa yeyote anayelazwa pale anatakiwa kuambiwa, kabla ya kuchomwa, kwamba joto litashuka hadi kwenye nyonga na atadhani amejikojolea. Ni sentensi moja tu. Karibu wote wanasikia joto hilo, wanaume kwa wanawake, na ladha ya chuma pia. Hupita ndani ya dakika moja au mbili. Aibu uliyoibeba hadi Igoma haikuwa yako.

Sasa nieleze dawa yenyewe. Ile ni maji yenye iodini, yaani madini joto, na iodini huzuia eksirei kupita, kwa hiyo mishipa na viungo vinavyopokea damu vinang'aa kwenye picha. Mtu mzima hupewa kama mililita 80 hadi 120 kwa CT ya tumbo, na mashine inaisukuma haraka sana. Ni nzito kuliko damu, na mishipa inapoipokea inatanuka kwa ghafla. Joto linatoka hapo.

Ngoja niwape kisa kimoja ninachokipenda katika taaluma yetu, maana sisi watu wa ziwani tutakielewa kuliko wengi. Dawa za zamani zilikuwa zinachoma vibaya na kutapisha watu wengi. Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Uswidi, Torsten Almén, alijiuliza kwa nini. Akakumbuka kwamba akifumbua macho ndani ya maji ya bahari yenye chumvi nyingi yanamuuma, lakini kwenye maji yenye chumvi kidogo hayaumi. Aliyezoea kupiga mbizi hapa ziwani halafu siku moja akaenda kuogelea Dar anaijua tofauti hiyo. Almén akasema basi kosa ni ukali wa dawa, ina chembechembe nyingi mno kuliko damu. Akatafuta dawa isiyogawanyika kuwa chembe nyingi ikiingia kwenye maji, na dawa tunazotumia leo ni kizazi cha wazo lile. Utafiti mkubwa wa Japani uliotoka 1990, wenye wagonjwa zaidi ya 330,000, ulionyesha matatizo kwa karibu watu 13 katika kila 100 waliopewa dawa za zamani, na karibu 3 katika kila 100 kwa hizi mpya. Matatizo makubwa kwa hizi mpya yalikuwa kama watu 4 katika kila 10,000.

Vipele vyako: vinawezekana kabisa kuwa vya dawa. Mzio wa dawa hii uko wa aina mbili. Wa kwanza huja ndani ya saa moja, mara nyingi dakika 20 za mwanzo, na huo ndio tunaouogopa zaidi. Wa pili huchelewa, kuanzia saa moja hadi wiki nzima, na mara nyingi huwa ni wa ngozi: vipele, wekundu, kuwashwa. Huo hujiishia wenyewe ndani ya siku chache, na daktari anaweza kukupa kidonge cha mzio kama setirizini kupunguza muwasho. Lakini hayo aliyouliza Kivuko kuhusu vidonda mdomoni, homa na ngozi kuchubuka ni muhimu, na ongeza macho kuwa mekundu. Ukiona hayo hata baada ya siku tano, ni dharura.

Na mwambie huyo daktari kila dawa nyingine uliyomeza wiki hii. Antibayotiki nazo zinatoa vipele.

MamaDoto_Igoma

Nimesoma hapo kwenye aibu nikalia, kaka. Asante. Na Doto je?

Mionzi_KandaZiwa

Mnyonyeshe sasa hivi akiamka. Dawa inayopita kwenye maziwa ya mama haifiki asilimia 1 ya uliyochomwa, na hiyo nayo ikifika tumboni kwa mtoto, utumbo wake unafyonza chini ya asilimia 1 yake. Miongozo ya wataalamu wa radiolojia inasema mama aendelee kunyonyesha. Zamani walikuwa wanashauri kusimama saa 24 au 48 na watu wengi bado wanalirudia. Kwa figo nzima, nusu ya dawa inatoka kwenye mkojo kila baada ya saa kama mbili, kwa hiyo kesho yake asubuhi karibu yote ilikuwa imeshatoka.

Mwambie na mama mkwe, kwa heshima, kwamba mionzi ya CT haikai mwilini. Ni kama taa: ukizima swichi, hakuna mwanga unaobaki chumbani. Na dawa yenyewe haina mionzi. Wabebe wanao wote wawili.

Mwaloni_Fresh

Kumbe inaitwa madini joto ndiyo maana inachoma! Mimi ni muuza samaki Mwaloni Kirumba, na hapa kila siku tunasikia kwamba mtu mwenye aleji ya samaki asipigwe hiyo sindano kwa sababu samaki ana madini joto. Shangazi yangu alikataa kipimo kwa sababu hiyo, dagaa wanamwasha. Ni kweli au si kweli? Maana hali yake si nzuri.

Mionzi_KandaZiwa

Kaka, jina ni jina tu, joto halitoki kwenye iodini. Hata chumvi mnayopikia nyumbani imewekwa madini joto na haiwachomi.

Hilo la shangazi ni zito, nataka nilijibu vizuri kwa sababu linanyima watu vipimo. Anayewashwa na samaki mwili wake unakataa protini ya samaki. Anayewashwa na kamba wa baharini anakataa protini nyingine ya kamba. Hakuna anayekataa iodini yenyewe, kwani tezi ya shingo haiwezi kufanya kazi bila iodini. Kwa hiyo aleji ya dagaa peke yake si sababu ya kukataa CT, wala sato wa Jumatano hana kosa. Ninachotaka kujua mimi ni haya: uliwahi kuchomwa dawa hii ukapata shida? Una pumu? Una mzio mkali wa kitu chochote uliokupeleka hospitali? Figo zikoje? Una rovu au tezi inayofanya kazi kupita kiasi? Mpeleke shangazi akamwambie daktari yote, pamoja na dagaa, lakini asikatae kipimo mwenyewe akiwa nyumbani.

Mwaloni_Fresh

Nampigia asubuhi. Anakaa Kisesa, nitamfuata mwenyewe.

Mzee_wa_Nansio

Wanangu, mwangaluka. Nimeusoma uzi huu wote na mimi nina langu, labda litamfaa mtu.

Mwaka jana nilivuka ziwa kuja Mwanza kupimwa kifua. Walipochoma ile dawa sikusikia joto mwilini, nilisikia maumivu makali mkononi, pale penye kanula. Nikapiga kelele. Wakasimamisha mashine, mkono ukawa umevimba kama umejazwa pampu. Dawa ilikuwa imetoka nje ya mshipa. Wakanichoma mkono wa pili, kipimo kikaisha, nikaambiwa nenda utapona. Sikuambiwa lolote jingine, na meli ilikuwa inanisubiri. Safari ile ni zaidi ya saa tatu. Mkono niliuning'iniza chini njia nzima, nao ukazidi kujaa. Nilipofika kijijini mke wangu akachemsha maji, akanikanda na kunichua kwa mafuta ya dawa, kwa nguvu, kama tunavyofanya mtu akiteguka. Usiku huo sikulala. Asubuhi ngozi ilikuwa na malengelenge mawili.

Ilichukua wiki tatu. Mke wangu mpaka leo anajilaumu, na mimi humwambia kosa si lake, hakuna aliyetupa maelekezo. Nauliza, tulipaswa kufanya nini?

Mionzi_KandaZiwa

Shikamoo mzee, na pole sana. Mpe mama pole pia. Mlipaswa kuambiwa kabla hamjatoka mlangoni: mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo, hata kwa kuuweka juu ya mito. Kitambaa chenye maji ya baridi kiwekwe na kutolewa mara kwa mara. Pasichuliwe, pasikandwe kwa nguvu. Na mgonjwa abaki hospitali aangaliwe saa kadhaa, asipandishwe meli akiwa hivyo. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au malengelenge yakitokea, arudi mara moja, kwa sababu uvimbe unaweza kubana mishipa na wakati mwingine daktari wa upasuaji anahitajika.

Na wewe ulifanya jambo la maana sana: ulipiga kelele. Wengi wanavumilia kimya wakidhani ndiyo dawa inavyotakiwa kuuma. Joto la mwili mzima ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja mkononi si kawaida, sema palepale, kuna kipaza sauti ndani ya chumba na tunasikia.

Mzee_wa_Nansio

Marahaba mwanangu. Nimemsomea.

Binti_Sengerema

Wenye wazazi wa kisukari msome hapa. Mama yangu anatumia metformini. Alipoandikiwa CT yenye dawa walimpima kwanza damu kuangalia figo, kile kipimo cha kreatinini. Majibu yakaonyesha figo zimechoka kiasi. Wakamwambia asimamishe metformini siku ya kipimo na saa 48 baadaye, arudi apimwe tena figo ndipo aendelee. Mimi nikadhani kusimamisha dawa ya sukari ndiyo hatari yenyewe, nikagombana na nesi. Baadaye daktari akanikalisha akanieleza taratibu.

Tulirudi kweli siku ya tatu, siku hizi daraja la Kigongo hadi Busisi limeturahisishia, zamani ningeshindwa ile foleni ya kivuko na mgonjwa. Figo zilikuwa vilevile, akaendelea na dawa zake.

Mionzi_KandaZiwa

Niongeze kidogo: si kila mwenye metformini anasimamishwa, inategemea figo, kwa hiyo mtu asijisimamishie mwenyewe kwa kusoma hapa. Metformini haigombani na dawa yetu. Hofu ni kwamba figo zikilegea, metformini itajikusanya na kuleta asidi kwenye damu.

Dereva_Buzuruga

Mimi naomba muongelee ile nusu saa ya kukaa benchi baada ya kuchomwa dawa. Nilipigwa CT ya kichwa baada ya ajali, nikaambiwa nikae benchi dakika 30 kanula ikiwa bado mkononi. Nilikuwa na haraka, gari la mtu lilikuwa linanisubiri. Nikambembeleza nesi akanitoa kanula dakika ya tano. Nikafika stendi, nikaanza kuwashwa viganja, masikio yakawa moto, kifua kikabana. Konda mmoja ambaye hata simjui alinishika mkono akanirudisha kwa bodaboda huku naona giza. Wakanichoma adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali, kwenye paja. Nesi alihangaika kutafuta mshipa upya maana yote ilikuwa imenywea. Kanula ileile niliyoomba itolewe ndiyo ilikuwa inahitajika.

Yule konda sijamwona tena. Kama unasoma hapa kaka, Mungu akulipe.

Kivuko_Kamanga

Nimesisimka. Wakuu, kaeni hizo dakika 30.

Mama_Nyegezi

Swali la haraka, hayo maziwa ya kuondoa sumu vipi? Mimi nilipewa lita nzima nikatapika yote.

Mionzi_KandaZiwa

Maziwa hayafanyi lolote, mama. Dawa iko kwenye damu, maziwa yanaishia tumboni, na kinachoitoa ni figo. Maji ya kawaida yanatosha, kunywa kidogo kidogo siku hiyo na kesho yake. Yawe yamechemshwa, si ya kuchota ziwani hivi hivi. Ila mwenye moyo uliodhoofu au figo zilizofeli asijijaze maji, aulize daktari wake apewe kiasi.

MamaDoto_Igoma

Wapendwa, narudi na majibu. Ijumaa asubuhi nilirudi palepale nilipopimiwa. Daktari aliniangalia kila sehemu hadi mdomoni, akasema ni mzio uliochelewa, akanipa setirizini. Jumatatu vipele vilikuwa vimefifia, leo imebaki ngozi kavu tu mgongoni. Doto alirudi kwenye ziwa usiku uleule kabla sijamaliza kusoma majibu yenu, na alinyonya kama ambaye hajaona chakula mwezi mzima.

Majibu ya ini yametoka pia. Ni kifundo cha mishipa ya damu, si saratani. Daktari amesema hakinidhuru.

Mionzi_KandaZiwa

Alhamdulillah na Mungu asifiwe. Dada, naomba ufanye kitu kimoja kabla hujasahau. Rudi uombe wakuandikie kwenye kadi jina kamili la dawa waliyokuchoma, tarehe, na kilichotokea na baada ya muda gani. Wasikuandikie tu "ana aleji ya iodini", hayo maneno hayamsaidii mtu. Dawa hizi ziko za majina mengi, na aliyepata shida na moja mara nyingi anaweza kupewa nyingine na akakaa salama. Lakini bila jina, mwenzangu wa hospitali nyingine hana pa kuanzia, atakunyima kipimo au atakurudishia ileile.

MamaDoto_Igoma

Nimekwenda. Wa kwanza aliniambia faili haliwezi kutafutwa kwa jambo dogo hivyo. Nikakaa benchi. Saa sita akapita dada mwingine, nikamweleza upya, akaingia ndani akatoka na jina limeandikwa kwa herufi kubwa na muhuri juu yake. Nimeipiga picha, ipo kwenye simu yangu na ya baba Doto.

MamaDoto_Igoma

Samahani kuufufua uzi baada ya wiki tano. Mama mkwe ameandikiwa CT ya kifua yenye dawa. Yeye ana pumu, nikamkumbusha aseme mapema, akasema. Daktari akampa vidonge vya kumeza kabla, wakampima na figo. Leo nilimsindikiza. Kabla hajaingia nilimshika mikono nikamwambia, "Mama, joto litashuka mpaka chini ya kitovu. Utadhani umejikojolea. Hujajikojolea." Akanitazama tu.

Alipotoka alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama gauni limelowa. Nikapapasa, nikamwambia ni kavu, mama. Sasa hivi tumekaa benchi, kanula bado iko mkononi mwake, zimebaki dakika kumi na mbili. Amembeba Doto.